Mtu Aliyetoka Kabla ya Wizi

Benchi letu ni la chuma, mguu wake mmoja umechomelewa, na limeegemea ukuta wa duka langu la kunyoa, pale kona ambapo barabara ya mgodini inaingia kwenye uwanja wa kanisa la Santa Rita del Cerro. Asubuhi, jua likiwa bado liko nyuma ya milima, doña Cuca huweka jiko lake kando, na chungu cha kahawa yenye mdalasini na sukari guru, halafu wanaume watatu hujipanga kama njiwa kwenye waya. Wa kwanza ni Redio, mtu ambaye habari ikitokea Durango mjini saa nne, yeye huku ameshaitangaza saa tatu. Wa pili ni Nusu Padri, aliyefukuzwa seminari akarudi na Kilatini kidogo na methali nyingi ambazo hazijawahi kukaa mahali pake. Wa tatu ni Maiti. Jina hilo alilipata Wamarekani walipokuja kutengeneza sinema hapa kwetu, wakaajiri nusu ya kijiji, naye akapewa kazi ya kupigwa risasi. Mimi naitwa Kinyozi basi. Dirisha langu liko juu ya vichwa vyao, na hakuna neno lao linalonipita.

Sinema yenyewe ilitufikia baada ya miaka miwili. Ililetwa na mtu mmoja wa Torreón mwenye lori bovu, akatundika shuka kwenye ukuta wa ghala la pamba, akawasha mashine. Kijiji kizima kilikwenda, na mabibi wa kubebwa pia. Ni hadithi ya mtu ambaye tajiri wa mgodi alimnyonga kaka yake na kuwapora bonde lao. Mtu huyo anarudi baada ya miaka, anakusanya wahuni wanne, anavizia gari la farasi linalobeba dhahabu ya yule tajiri. Shida yake si kutajirika. Anataka tajiri afilisike, aone uchungu. Watu walipenda wakataka irudiwe kila jioni, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajitafuta.

Asubuhi ya Jumatatu ndipo maneno yalipoanza.

— Nimekufa mara tatu, mara tatu kwa jasho langu, — alilalamika Maiti. — Wameonyesha mara moja. Tena mgongo!

— Wamarekani si wajinga, compadre, — alisema Redio. — Wamechagua upande wako mzuri.

— Cheka. Kile kifo cha kwenye ngazi ndicho kilikuwa kifo. Nilibingirika mpaka mkurugenzi akapiga makofi. Wapi sasa? Wamekikata!

Nusu Padri akapuliza kikombe chake.

— Usilie, ndugu yangu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Maana yake nini hapo?

— Maana yake wamekificha kifo chako, na wao hawatazaa.

Doña Cuca alicheka peke yake huku akikoroga chungu. Redio hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mikono magotini, kama mtu aliyebanwa na habari.

— Acheni vifo. Nani amemwangalia Bubu?

Huyo Bubu si bubu. Ni Eustolio, alikuwa na shamba kule juu kwenye chemchemi, mpaka don Abundio wa mgodi alipoyataka yale maji ya kuoshea mawe yake. Karatasi zilitoka mjini, walinzi wakaenda na nyundo, nyumba ikavunjwa, Eustolio akashuka kijijini na godoro mgongoni. Tangu hapo salamu ilikuwa kwa kidevu, jibu kwa kidevu, nasi tukampa jina. Wakati wa Wamarekani alitunza farasi wao. Mkewe alikufa kwa homa ya mapafu majira ya baridi yaliyofuata.

— Nimemwona, — alisema Maiti. — Alikaa mbele kabisa.

— Jumamosi alikaa mbele. Jana alikaa mbele. Sawa? Sasa alitoka wakati gani?

Maiti na Nusu Padri walitazamana.

— Alitoka kabla ya wizi! — Redio alipiga goti lake. — Siku zote mbili! Gari la dhahabu linatoka mjini, linapita barabarani, watu wanasogea lipite... paa, Bubu anasimama, anavaa kofia, huyo! Nani anaondoka kwenye sinema ya wizi kabla ya wizi?

— Labda kibofu, — nilisema dirishani.

— Kibofu chenye saa? Mahali palepale siku zote mbili?

Nusu Padri alishusha kikombe polepole.

— Ninyi hamuoni. Mwizi wa kweli hahitaji kufundishwa kuiba. Anachohitaji ni kujua gari linatokaje mjini: nani amekaa mbele, nani amekaa nyuma, linageuka wapi.

— Lakini hilo ni gari la sinema, — alisema Maiti. — La farasi.

— Na la don Abundio linapita wapi kila Alhamisi? Si barabara hiihii? Si daraja lilelile walilopigia picha?

Sote tunalijua lori la kijivu la mgodi. Linashuka Alhamisi, walinzi juu, bunduki zimetazama madirisha yetu.

— Kunyweni kahawa, — alisema doña Cuca. — Inapoa.

*

Jumanne Redio alikuja na ushahidi. Alikuwa amepita dukani kwa Mchina wetu, don Wing, kununua chumvi ambayo hakuihitaji.

— Bubu amenunua tochi.

— Kila mtu ana tochi, — alisema Maiti.

— Na kioo cha kukuzia! Kile cha duara, chenye mkono, cha kusomea vitu vidogo. Mtu hajui kusoma, anataka kioo cha nini?

Hapo hata mimi nilisimamisha mkasi.

— Ramani, — alinong'ona Maiti.

— Au nyaya, — alisema Redio. — Nyaya za baruti ni nyembamba kama nywele. Unafunga gizani, kwa tochi, kwa kioo. Na si hayo tu. Jana baada ya watu kutawanyika alizunguka nyuma ya lori la yule mtu wa sinema. Walinong'ona. Akampa kapu. Ndani, mayai.

— Ulionaje kuwa ni mayai?

— Nilikuwa chooni kwa jirani, mlango una tundu. Usiniulize maswali ya kipolisi!

Nusu Padri aliinua kidole.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali. Leo mayai, kesho nini? Na yule mtu wa Torreón tunamjua? Yale makopo yake ya bati, nani amefungua akaona yote yana mikanda? Kopo moja likiwa na mkanda, la pili likiwa na baruti, nani angejua?

— Mimi nawaambia jambo, — alisema Maiti, sasa ameingia na miguu yote miwili. — Jambo nililoliona kwa macho yangu wakati nimekufa. Nimelala pale darajani, nimefumba jicho moja tu. Ile dhahabu ya sinema ilikuwa matofali yaliyopakwa rangi ya njano, sawa? Nilibeba mwenyewe. Lakini siku ya mwisho, mkurugenzi akasema haing'ai vizuri. Don Abundio akaja na gari lake. Akateremsha sanduku dogo.

— Dhahabu ya kweli? — aliuliza Redio.

— Ya kweli! Akawaazima. Na walipohesabu jioni, mkurugenzi alikuwa anajikuna kichwa. Tofali moja halikuonekana. Na nani alikuwa chini ya daraja akinywesha farasi?

— Bubu, — alisema Nusu Padri, kama anayeitikia misa.

— Mbona hukusema miaka miwili yote? — nilimuuliza.

— Nilikuwa maiti, Kinyozi. Maiti husema?

Redio alishika kichwa chake kwa raha ya mtu aliyepata kiungo kilichokosekana.

— Basi sinema yote ni barua! Wamarekani wanamwandikia Bubu! Yule stelingi anavua kofia mara mbili kabla gari halijapita, mmeona? Mara mbili! Nani anavua kofia mara mbili? Ni ishara. Bubu akishaona ishara anatoka. Na Alhamisi hii...

Hakumaliza. Doña Cuca alikuwa ameacha kukoroga.

— Alhamisi hii nini, Redio? — alimuuliza. — Sema, umalize, halafu useme tena kwa sauti kubwa, wakusikie kule juu.

— Nasema tu, doña.

— Mtaa wa mtoni uliungua kwa "nasema tu."

Huo ndio ulikuwa mfupa uliotukwama. Zamani yalipotea masanduku ya baruti mgodini, masanduku tu, wala si dhahabu. Mtu fulani alisema tu kwamba yameonekana mtoni, na walinzi hawakuuliza nani. Waliteremka wakachoma nyumba za mtoni, moja baada ya nyingine, wakingoja mtu aseme. Masanduku yalikuja kuonekana mgodini kwenyewe, yamefunikwa na turubai. Kwa hiyo msione tulikuwa tunacheka tu pale. Bubu angeiba kweli, tungeungua sote.

— Ndiyo maana nauliza, — alisema Redio, sauti imeshuka. — Mimi nina wajukuu. Akitaka kulipiza kisasi chake, alipize kwake.

— Kwake ni wapi? — alisema doña Cuca. — Si walivunja?



*

Jumatano asubuhi Nabor aliingia kwa mlango wa nyuma. Huyu ndiye mkuu wa walinzi wa mgodi, mtu mfupi mwenye shingo nene, na hupenda kunyolewa bila kutazamwa na watu. Nilimlaza kwenye kiti, nikamfunika uso kwa taulo la moto. Nje ya dirisha wale watatu walikuwa wameshaanza, hawana habari.

— Leo usiku haji kuona sinema, — alikuwa anasema Redio. — Leo anakwenda darajani. Kesho Alhamisi.

Nilikohoa.

— Au anakwenda na mtu wa sinema, — alisema Maiti. — Wanatega pamoja. Kopo la baruti chini ya nguzo ya kati. Mimi nilikufa pale, naijua ile nguzo, ina ufa.

Nikakohoa tena, mpaka koo likaniuma.

— Kinyozi ana kifua, — alisema Nusu Padri. — Mpe kahawa, doña. Sikieni, Bubu ana haki yake, sikatai. Kaporwa chemchemi. Lakini wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Akilipua lori, sisi ndio tutajaza kibaba.

Taulo lilitikisika. Nikadhani Nabor anacheka. Akanishika mkono kwa upole sana.

— Endelea kunyoa, — alisema chinichini. — Usikohoe.

Nikanyoa. Nje walimaliza yote: tochi, kioo, mayai, kofia mara mbili, tofali la dhahabu chini ya daraja. Nilipofika shavu la pili, Nabor alivua shuka shingoni, akasimama, akatoka mlango wa mbele na povu upande mmoja wa uso.



— Don Redio, — alisema Nabor. — Habari yako nzuri. Huyo Bubu anakaa wapi?

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu. Maiti aliangalia viatu vyake. Nusu Padri ndiye aliyeinua kidevu, kidogo tu, kuelekea mtaa wa juu. Sidhani kama alikusudia. Kidevu kilikwenda chenyewe.

Nabor alijipangusa povu kwa kiganja, akalipaka kwenye mgongo wa benchi, akaondoka.

— Mmeridhika? — aliuliza doña Cuca.

— Tungefanyaje? — alisema Redio. — Alishasikia. Alishasikia, doña! Kinyozi, mbona hukusema yumo ndani?

— Nilikohoa.

— Ulikohoa! Mtu anakohoa kwa sababu ya Nabor?

*

Jioni ile walinzi walikuja kwenye sinema. Hawakumngoja Bubu atoke. Gari la dhahabu lilikuwa ndiyo kwanza linapita barabarani juu ya shuka, watu wa kijiji chetu wanasogea lipite, huku na huku, kila mmoja anapigiwa kelele na jamaa zake, "Wewe huyo! Wewe huyo!" Mara vivuli vya kofia vikaingia kwenye picha, vikubwa, vyeusi. Nabor alipaza sauti mashine isimamishwe. Yule mtu wa Torreón aliizima, akabakiza taa.

Bubu alikuwa amesimama tayari, kofia mkononi. Walimkamata mikono miwili, wakampekua. Tochi. Kioo cha kukuzia. Nabor aliviinua watu wavione, na minong'ono ikapita safu kwa safu, maana maneno ya benchi letu yalikuwa yameshafika kila nyumba. Kisha akachukua ile kofia, akaingiza vidole ndani ya utepe wake, akatoa kitu chembamba, cheusi, chenye matundu pembeni. Kipande cha mkanda wa sinema, urefu wa kiganja.

Hapo Bubu alisema. Wengi wetu tulikuwa tumesahau sauti yake ikoje.

— Hicho nirudishie. Vingine chukua.

— Ndiyo ramani hii? — Nabor alikishika mbele ya taa ya mashine, akakikazia jicho. Akageuza juu chini. — Mwanamke na beseni. Mwanamke na beseni. Mwanamke na beseni. Hii ni lugha ya siri?

— Nirudishie, bwana. Tafadhali.

Nabor alikuwa na sigara. Alikigusisha kwenye moto wake bila haraka, kama mtu anayefikiria jambo jingine, na kile kipande kikajikunja, kikanuka. Bubu alipiga kelele moja akajirusha. Walimwangusha mbele ya shuka jeupe, wakampiga hadharani, kisha wakamburuta. Hakuna aliyeinuka. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nilikuwa nimekaa, niliendelea kukaa.

Alhamisi lori la kijivu lilishuka, walinzi wawili zaidi juu ya paa. Likavuka daraja. Chini ya daraja kulikuwa na mbuzi. Likaenda zake Durango mjini. Jioni mtu akamwona Bubu anapanda mtaa wa juu kwa miguu, ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Aliingia ndani, akafunga.

*

Ijumaa wale watatu walikuja, lakini walikaa mbalimbali kwenye benchi.

— Ameahirisha tu, — alianza Redio, bila nguvu. — Lori lilikuwa na walinzi wengi.

— Au mwenzake alimsaliti, — alisema Maiti. — Yule wa sinema. Mbona yeye hawakumgusa?

— Eeh. Hilo swali, — alisema Nusu Padri.

— Yule ndiye mtu wa don Abundio, — Redio alianza kupata moto. — Aliletwa! Sinema ililetwa kwa makusudi, ionekane nani atanaswa. Mtego! Filamu ya kisasi inaonyeshwa wapi? Kwenye kijiji chenye watu wa kisasi!

— Kikulacho ki nguoni mwako, — alisema Nusu Padri, na kwa mara moja methali ilielekea kukaa mahali pake, akashtuka mwenyewe.

Yule mtu wa Torreón alitokea kwenye kona wakati huohuo. Lori lake lilikuwa limeshapakiwa, shuka limekunjwa juu. Anaitwa Leocadio, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alisalimu, akaomba kahawa, akakaa mwisho wa benchi, kwenye nafasi waliyomwachia.

Redio alilitazama lori.

— Unaondoka, — alisema Redio.

— Naondoka. Nina maonyesho mengine mbele huko.

— Kabla hujaondoka, ndugu. Mayai yalikuwa mazuri?

Leocadio aligeuka.

— Mazuri. Nilimwambia asilete. Alileta.

— Mayai ya nini?

— Ya kile kipande.

Akaona hawakuelewa, akaweka kikombe chini.

— Jumamosi, watu walipokwisha kuondoka, alikuja kwenye lori. Akaniuliza kama naweza kurudisha nyuma, pale gari linapopita barabarani. Nikamwambia mashine yangu hairudi nyuma, angoje kesho. Akaja kesho yake. Baadaye akaniambia mkewe yumo. Yule mwenye beseni. Gari linakuja, anasimama kando lipite, halafu anageuka na kucheka. Mnamkumbuka?

Hatukumkumbuka. Sote tulikuwa tunajitafuta wenyewe.

— Anacheka kwa sababu mumewe alikuwa nyuma ya kamera, ameshika farasi watatu, mmoja anatafuna kofia yake. Ndivyo alivyoniambia. Aliongea sana yule bwana. Mlijua anaongea? Hakuwa na picha yake hata moja. Ya harusi ilibaki kwenye nyumba wakati inavunjwa. Akaniuliza kama naweza kumkatia kidogo. Si ruhusa, lakini mkanda huu umeshakatika mara nyingi, nani atajua? Nikamwambia picha zake ni ndogo kama ukucha, tafuta kioo cha kukuzia, weka mwanga nyuma, hapo utauona uso.

— Tochi, — alisema Maiti polepole.

— Ndiyo. Tochi.

Nusu Padri alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

— Lakini mbona alitoka kila mara? Kabla ya wizi?

— Nilimuuliza hivyohivyo, — alisema Leocadio. — Nikamwambia, bwana, baki, wizi ndio utamu wenyewe. Akasema kisasi cha yule stelingi hakimhusu. Akasema baada ya pale hakuna tena mtu anayemjua.

— Mimi nimo! — alisema Maiti. — Nakufa pale darajani...

Hakuna aliyecheka, naye akakata mwenyewe.

Leocadio alitia mkono kifuani, akatoa bahasha ndogo, akaitoa vumbi kwa kupuliza.

— Jana nimekata kingine. Kirefu kidogo. Sasa kwenye sinema yangu huyo mama atakuwa anasimama tu, kucheka hakumo tena. Si kitu, Chihuahua hawatajua. Nimekwenda kumpelekea, nikagonga, hafungui. Nasikia yumo. Sitaki kukisukuma chini ya mlango kama barua ya korti. Nimefikiri niandike jina la mama juu ya bahasha, niwaachie ninyi jirani zake. Akiona jina, ataelewa ni nini kabla hajafungua, hataogopa.

Akatoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akailowesha kwa ulimi, akaweka bahasha kwenye goti.

— Aliitwa nani?

Redio alivuta pumzi ya kujibu. Ikabaki kifuani.

— Mke wa Bubu, — alisema Maiti.

— Jina lake lenyewe.

— Alikuwa si wa hapa, — alisema Redio. — Alitoka bonde la pili. Aliolewa akaja. Alikuwa... alikuwa anafua kule chini, karibu na jiwe refu. Mwanamke mzuri. Akipita anasalimu.

— Alisalimu, ndiyo, — nilisema mimi dirishani, kana kwamba hilo ni jibu.

Leocadio alimgeukia Nusu Padri.

— Wewe si ulisoma sala kwenye mazishi? Bwana aliniambia. Alisema padri hakuja, ukasoma wewe.

Nusu Padri alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

— Nilisoma. Nilisema... tulisema "dada yetu." Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitabu. "Umpokee dada yetu."

Kalamu ilibaki hewani. Tulimtazama doña Cuca wote kwa pamoja. Alikuwa ameshachukua chungu, akamwaga kahawa iliyobaki kwenye mfereji, yote, ingali na mvuke. Kisha akapita benchini, akatunyang'anya vikombe mikononi mmoja baada ya mwingine, vilivyojaa na vilivyo nusu, akavimwaga pia. Hakukigusa cha Leocadio. Alipofika kwake alinyoosha mkono, naye akampa bahasha na kalamu.

Aliegemea ukuta wangu akaandika. Aliandika taratibu, ametugeuzia mgongo, na mkono mwingine ameuzungushia kama mwanafunzi anayeficha hesabu zake. Akarudisha kalamu. Akafungua kamba ya aproni, akaitundika kwenye mgongo wa benchi, akajitanda shali kichwani.

— Doña, — alisema Redio. — Doña Cuca. Aliitwa nani?

Hakugeuka. Alivuka uwanja wa kanisa, akashika mtaa wa juu, bahasha ameiweka kifuani. Tulimwona anafika kwenye mlango wa Eustolio. Hakugonga. Aliweka mdomo karibu na mbao, akasema neno moja, na mlango ukafunguliwa.